Macho Yaliyo Usawa wa Kitasa

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijamvaa mtu sokoni,

Mimi ni mchora mabango hapa Majengo, nimeolewa na Baltazari mwaka wa tisa huu na Mungu hajatujalia mtoto, na mume wangu huwachorea watu picha za nyumba kwa kompyuta kabla hawajajenga, kazi niliyomfundisha mimi kwa penseli, rula na uzi, kwamba mistari ya paa na sakafu ukiirefusha inakwenda kukutana mbali, usawa ule ule wa macho ya anayetazama, ndiyo maana hadi leo kila mteja humpima kwanza kimo cha macho ndipo anaiambia kompyuta itazame kutoka hapo. Sasa juzi nimekuta picha ya nyumba ya vyumba viwili kule Mwazye, haina jina la mteja, nikauliza, akasema, "Ya mtu tu, mke wangu," akaifunga haraka, basi alipotoka nikaichapa, nikairefusha mistari kwa rula, ikakutana juu kidogo ya kitasa cha mlango! Mimi ni mrefu, yeye kanizidi, sasa ni mfupi gani huyo anayejengewa? Silali, kanisani nawapima wanawake kwa jicho, na mfupi kuliko wote ni Silvana muuza vitenge, ambaye siku hizi ananisalimia kwa heshima mno. Nimwendee?

Mrefu wa Majengo

Dada Mrefu,

Mwache Silvana auze vitenge vyake. Pole kwa kukosa usingizi, lakini wivu umekusahaulisha kazi yako mwenyewe. Simama mlangoni kwako. Kitasa kinakufika wapi? Kiunoni. Mwanamke gani mzima ana macho kiunoni mwako? Picha hiyo imechorwa kwa macho ya mtu aliyeketi, au ya mtoto.

Nami sitakudanganya ili ulale. Bibi kizee wa watu aliyeketi kitini hana sababu ya kufichwa.

Acha kumpekua. Akirudi leo mpe chakula ale, kisha weka ile karatasi mezani na umuulize swali moja tu: "Mume wangu, huyu ana umri gani?" Usianze na jina, atapata pa kukwepea. Akitaja miaka themanini, muombe radhi. Akitaja mitano au sita, kosa ni lake, mkalizungumze mbele ya wazee wa pande zote mbili. Lia, mgombeze, nenda Mbeya kwa mama yako hata mwezi mzima. Lakini mtoto usimguse hata kwa neno. Yeye aliambiwa tu asimame wima apimwe, akasimama.