Anza Chini, Karani

Fundi,

Nimekuletea matokeo, na si mazuri. Nilipanda jukwaani mara tatu, na mara zote tatu chuma kilikataa kuondoka sakafuni. Kwenye karatasi ya mashindano, mbele ya jina langu, wamechora mstari. Hata sifuri hawakunipa. Sifuri ingekuwa namba.

Ningengoja nije Murang'a nikusimulie hapo ulipolala, lakini unanijua, mimi ni mtu wa karatasi. Miaka thelathini na mmoja nilikaa stoo ya reli, na hakuna mzigo uliopita mlango ule kabla sijaupima, nikauandika na kutia sahihi. Ndiyo maana ukaniita Karani, mpaka majirani wakasahau kwamba naitwa Kioko. Basi na haya nayaandika. Nina hasira na wewe, Fundi. Na bado nakulilia. Sijui lipi litangulie, kwa hiyo univumilie nikiyachanganya.

Tangu tukuzike mwezi wa tatu, hapa Makongeni kumepoa. Uwanja wetu wa kuinua vyuma uko palepale nyuma ya nyumba, kati ya kamba za nguo na banda la kuku la jirani. Vijana wa mtaa wa Mbotela waliokuwa wakija Jumapili baada ya kanisa waliendelea wiki mbili tatu, kwa heshima tu, halafu wakahamia kule kwenye kumbi za mazoezi zenye vioo na muziki. Siwalaumu. Nani anataka kufundishwa na mzee wa miaka sitini na sita anayeongea peke yake? Maana naongea. Nikimaliza kuinua nageuka kukutazama pale kwenye debe la rangi ulilolifanya kiti, na debe lipo, kuku amelala juu yake.

Sahani zako za chuma nimezitunza. Zile ulizozikata mwenyewe Gikomba kutoka chuma chakavu, ukazitoboa katikati, ukaziandika namba kwa rangi nyeupe: sita za ishirini, mbili za kumi. Ile namba mbili yako yenye mkia mrefu naitambua hata gizani. Na kila Desemba, sisi tukifunga mizigo kwenda mashambani kwa Krismasi, wewe ulizipakia kwenye mkokoteni ukazipeleka karakana yako kuzipaka rangi upya. Nilikuwa nakucheka. Nilikwambia hata bibi harusi hapakwi hivyo kila mwaka. Nikirudi kutoka Kangundo mwezi wa kwanza nazikuta zinang'aa, namba mbichi, nawe umekaa kwenye debe ukiningoja nijaribu. "Chuma kipya, mwaka mpya," ulisema. Naweka zote kwenye mtaimbo, kilo mia na sitini, nainua. Nawe unasema, "Karani, wewe huzeeki."

Miaka minane mfululizo. Nilijivuna, Fundi. Nilijivunia kanisani, nilijivunia kwenye foleni ya pensheni. Wenzangu wanashika viuno wakipanda ngazi, mimi nawaambia mia na sitini, sijashuka hata kilo.

Mwezi wa saba likatoka tangazo la mashindano. Kuinua kutoka chini tu, na kundi la waliopita miaka sitini lilikuwepo. Miaka yote ile tangazo kama hilo likitoka ulikuwa na sababu. Mara goti langu, mara mvua, mara waamuzi wa huko wana upendeleo. "Mwaka ujao, Karani." Nilidhani unaona wivu kidogo, nisamehe. Safari hii hukuwepo wa kunizuia, nikajiandikisha. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la mkufunzi. Nikaliandika lako kwa herufi kubwa. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitaka, sikwenda kutafuta medali. Nilitaka jina lako lisomwe mbele ya watu na kisha lifuatwe na namba nzuri. Umekereza vyuma Gikomba miaka arobaini, na mara ya pekee niliyosikia jina lako likisomwa kwa sauti ilikuwa siku ya mazishi yako.

Kabla hujaondoka ulinionya, nakumbuka. Ilikuwa mchana, wodini, mkeo Mama Wanjiru ameteremka kutafuta chai. Ukanishika kifundo cha mkono kwa vile vidole vilivyobaki mifupa. "Ukienda kushindana," ukasema, "anza chini. Anza chini, Karani. Chini sana." Nami nikafanya mzaha, kama kawaida yetu. Nikakwambia wewe uliyelelewa na githeri, mahindi na maganda yake, ndiye wa kuanza chini, aliyelelewa na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, anaanzia katikati. Ulifungua mdomo tena. Mama Wanjiru akaingia na chai, ukaufunga.

Mashindano yalikuwa mwezi uliopita, kwenye ukumbi wa shule moja upande wa Buruburu. Binti yangu Ndinda alinisindikiza na ndizi kwenye mfuko kana kwamba naenda darasa la kwanza. Wazee tulikuwa wanne. Unataja mwenyewe uzito wa kuanzia, na kanuni yao ni moja: ukishautaja unaweza kuupandisha, huwezi kuushusha. Ukikushinda unarudia uleule au unapanda. Nilitaja mia na hamsini. Kwangu hiyo ilikuwa salamu tu, ya kupasha mwili. Mzee mmoja mwenye nyonga mbovu alitaja mia na ishirini na tano nikatabasamu chini chini.

Wakaniita. "Mkufunzi wake, Fundi Mwangi wa Gikomba." Ndinda akapiga makofi peke yake ukumbi mzima. Nilifurahi kiasi kwamba nilisahau kupaka chaki mkono wa kushoto.

Chuma hakikutikisika. Nikadhani ni ile chaki. Mara ya pili nikapaka mikono yote miwili mpaka viwiko, nikakuita kimoyomoyo, nikavuta mpaka nikaona nyota, na sahani zikabaki zimelala pale zikinitazama. Mara ya tatu nilijua kabla sijainama. Nilivuta tu kwa sababu watu walikuwa wanangoja. Mwamuzi wa mbele, msichana wa rika la Ndinda, aliniambia, "Pole, mzee," taratibu, ili wengine wasisikie. Na yule wa nyonga mbovu akainua yake, wajukuu wakamzunguka wakimshangilia.

Nilikaa kwenye benchi, Ndinda akanifungua kamba za viatu. Akasema labda vyuma vyao ni vizito kuliko vya nyumbani. Nikamkemea. Kilo ni kilo, nikamwambia, baba yako alikuwa anapima mizigo kabla hujazaliwa. Akanipa ndizi. Lakini lile neno lake lilikataa kutoka kichwani, na Jumanne yake nikatia sahani moja ya ishirini kwenye gunia nikaibeba mpaka Gikomba, kwa mama mmoja muuza marobota ya mitumba mwenye mizani ya kuning'iniza.

Mshale ulisimama kwenye kumi na sita.

Nikamwambia mizani yake imeharibika. Hakubishana. Alining'iniza robota jipya lililofungwa bado, na sote tunajua robota lile ni kilo arobaini na tano. Mshale ukaenda arobaini na tano ukatulia.

"Mzee, mizani iko sawa," akasema. "Ni hiyo chuma yako iko chini."

Hapo ndipo nilipoigeuza ile sahani. Miaka yote hiyo sikuwahi kuitazama mgongo, maana tuliweka namba nje na mgongo ndani. Nikakwangua rangi kwa ufunguo. Chini yake mikwaruzo ya mashine ya kukereza, duara ndani ya duara, laini, zimepangana. Kazi safi, Fundi. Gikomba nzima hakuna mwingine anayekereza hivyo.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Wanjiru. Nilimwonyesha tu ile sahani kwenye gunia. Hakushtuka. Alikaa chini akafunika uso kwa leso, kisha akanieleza. Kumbe ilianza mwaka ule niliomzika mke wangu Mbithe. Unakumbuka, ule Novemba mia na sitini ilinishinda, nikakaa kwenye vumbi nikakwambia nimekwisha, sirudi tena hapa, sina tena mtu nyumbani na sasa hata mgongo umenikataa. Mwezi wa kwanza ukanivuta kwa lazima, ukasema jaribu mara moja tu. Ikapanda. Nililia mbele ya kuku. Nilidhani ni Mungu. Kumbe ulikuwa wewe na mashine yako, umepunguza nusu kilo kila sahani ya ishirini, robo kila ya kumi.

Kisha Desemba iliyofuata tena, na iliyofuata, kadiri nilivyokuwa nazeeka. Mama Wanjiru anasema hata Desemba iliyopita, miguu imevimba, huwezi kusimama, ulizikereza umekaa kwenye stuli. Alikuuliza kwa nini usiache. Ukamjibu, "Akijua, ataacha kuja."

Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo, na mimi ndiye huyo mganga. Nilipima nati na mabati na magunia ya watu miaka thelathini na mmoja, nikawafokea matarishi kwa gramu mia, na chuma changu mwenyewe sikukipima hata mara moja. Niliona mwandiko wako nikatosheka.

Nimepiga hesabu, nisingeweza kujizuia. Mtaimbo hukuugusa, huo ni ishirini kamili. Sahani sita za kumi na sita, mbili za nane. Mia na sitini yangu ilikuwa mia na thelathini na mbili. Ningetaja mia na thelathini siku ile, ningeiinua, Fundi. Ningempita yule wa nyonga. Jina lako lingefuatwa na namba. Ndicho ulichokuwa unaniambia pale wodini nami nikakuletea habari za muthokoi.

Kwa nini hukusema wazi? Ulikuwa na miaka minane ya kusema. Ulikuwa na Jumapili zote zile. Nakasirika nikifika hapo, naigonga meza. Halafu nakuona kwenye ile stuli na miguu yako iliyovimba, rangi ya fedha kwenye nyusi, unapunguza chuma ili mzee mwenzako asikae nyumbani peke yake, na hasira inanikimbia, inaniacha mtupu. Sijui kipi ni kibaya zaidi. Nilikuwa na rafiki na nilikuwa na nguvu. Rafiki alikufa mwezi wa tatu, na nguvu nimeambiwa juzi kwamba zilikufa zamani.

Jumapili iliyopita nilitoka kanisani nikapakia mtaimbo kama kawaida. Sahani zilezile. Mia na thelathini na mbili, ile niliyokuwa naiinua kila wiki tangu mwezi wa kwanza. Haikuondoka. Nilivuta mara mbili kisha nikaketi chini. Nadhani mwili nao umepata habari. Ndinda anasema nipumzike, nimefanya vya kutosha, nitafute bustani. Anasema kwa upendo.

Sasa ni Desemba. Majirani wanafunga mizigo, watoto wanaulizana watachinjiwa mbuzi au kuku. Hakuna mkokoteni uliokuja kuzichukua sahani. Zimeanza kushika kutu ukingoni, na ile mbili yako imekatika mkia kwenye sahani mbili. Mimi siendi Kangundo mwaka huu. Mwakani nitakuwa dhaifu kuliko sasa, na mwaka unaofuata zaidi, na hakuna wa kunikereza chochote. Sikwambii hivi ili unionee huruma. Nakwambia kwa sababu ndivyo ilivyo, na karani haandiki kisichokuwepo.

Basi, Fundi wangu, nikuache upumzike, mikono yako imefanya kazi ya kutosha. Nakuahidi mawili. La kwanza, namba zako sitazifuta. Mtu akija uwanjani akasoma ishirini, ni ishirini, na akitaka kubishana aende akazipime mwenyewe Gikomba. La pili, Jumapili hii nikitoka kanisani nitaondoa sahani zote, niziegemeze ukutani, nibaki na mtaimbo peke yake. Sijui kama kuna maana yoyote kwa mtu wa umri wangu. Lakini nitaanza chini, kama ulivyosema. Sina pengine pa kuanzia.

Ni mimi wako,
Karani