Kanga Iliyolinda Sungura

Mama, shikamoo.

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kuwa banda la sungura limehama. Limetoka kule uani kwenye mpapai, sasa limeegemea ukuta wa jiko. Umbali ni hatua kumi na moja. Hapakuwa na hotuba.

Sababu ni hii: Katibu hayupo. Amechukuliwa na fungo, yule mnyama wa madoadoa. Amebaki Diwani peke yake, uliyempa jina hilo kwa kuwa anakula na hasemi kitu.

Mimi ndiye niliyekuahidi pale wodini kwamba sungura wako watakuwa salama, kwa hiyo nakueleza yote, nisionekane nimeficha.

Unaikumbuka kanga yako ya kulimia. Kila Jumamosi ulikuwa unavua ile ya wiki nzima, hujaifua, unaifunga bandani. "Mnyama wa porini anasoma kwa pua," ulikuwa unasema. Nilikucheka. Lakini hapa Mikumi mbuga iko karibu kuliko duka la dawa, fungo wanapita mtaani kama wana viwanja vyao, na kuku wa majirani walikwisha; sungura wako hawakuguswa. Nikaacha kucheka, ila sikukwambia.

Basi baada ya mazishi kanga yako ya mwisho ikabaki pale pale bandani. Siku ya kuanua matanga Mama mdogo akaja kutoka Berega na ndoo mbili. "Nguo za marehemu hazigawiwi na jasho lake," akasema, akafua zote. Na ile ya bandani. Niliporudi kutoka kuwasindikiza wageni stendi niliikuta kambani, inanukia sabuni ya unga. Mama, mimi ile kanga nilikuwa… tuyaache. Mama mdogo alikuwa anafanya wema.

Kesho yake asubuhi ubao wa chini wa banda ulikuwa umeng'olewa. Manyoya kidogo, nyayo kwenye tope. Jirani yetu Baba Neema akaja kunishauri: "Fuga mbwa, bwana." Nikamuuliza wa kwake alikuwa wapi. "Wa kwangu alikuwa ndani na mimi. Anaogopa."

Sasa nimezungushia banda wavu wa matundu madogo, nikaufukia ardhini shibiri mbili. Makombo hayatupwi tena uani. Diwani anafungiwa jua likiwa bado lipo. Na bandani nafunga shati langu la shambani, la wiki nzima, kwa utaratibu wako. Ijumaa moja nilitoka nalo shamba moja kwa moja hadi kikao cha mtaa. Benchi zima nikakaa peke yangu.

Fungo amerudi mara mbili, nimeziona nyayo. Zinakaribia, zinasimama, zinageuka.

Kwa hiyo ahadi yangu ni ile ile, imepungua mmoja: Diwani atakufa kwa uzee. Pumzika, Mama. Kazi zako tunazifanya, vibaya vibaya, lakini zinafanyika.

Juzi Mama mdogo alikuja tena. Akapita karibu na banda, akasimama, akasema lile shati linanuka kama wewe, Mama. Akalia. Alipoondoka nami nikaenda kulinusa, nikalinusa sana.

Ni jasho tu.