Senti Niliyoisugua

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Ipuli tu wazima. Bibi yako amekwenda Ipole kufuata asali.

Unauliza kwa nini klabu yetu ya sarafu haizioshi sarafu zake za zamani.

Nilipojiunga, kijana bado, mwenyekiti wetu Mama Tekla aliniazima senti yake ya kale yenye tundu katikati. Nikaisugua kwa mchanga na ndimu mpaka ikang'aa, maandishi yote yakafutika. Nikampelekea nikingoja sifa.

Akaigeuzageuza. "Mwanangu, umeniletea kifungo cha shati."

Yeye akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanikabidhi sanduku zima la sarafu za klabu.

"Wengine wanaweza kuziosha," akasema. "Wewe huthubutu tena."

Ninalitunza hadi leo.

Babu yako,
Kasian