Barafu Uliyokula na Kapita

Mama,

Kapita amepona. Nianze na hiyo, maana najua ungeuliza habari ya imbwa wako mbele ya kuuliza habari yangu. Ufizi wake umerudi kuwa mwekundu, amenenepa, anabwekea motari wote wa pikipiki wanaopita hapa Saio sawa zamani. Udongo hali tena. Makala ya jiko hali tena. Sabuni ya kufulia niliisahau juu ya jiwe siku mbili nzima, hakuigusa. Imebaki barafu tu. Nikifungua frigo, hata akiwa kwa jirani, anafika mbio, anakaa chini, anatazama mukono wangu.

Imbwa amepona na weye uko kaburini. Nimejaribu kumushukuru Mungu kwa ile ya kwanza, nimeshindwa.

Leo ni Ijumaa. Nimetoka masomoni, nimekaa ku meza ya jikoni, ninaandika na kalamu nyekundu ya kusahihishia kwa sababu ile ya bleu imeisha wino. Kesho tunatoa matanga yako. Shangazi Roza amefika jana toka Mahagi, juu ya lori ya mihogo, na hakuja kulia. Amekuja na neno lake lile lile la siku ya kilio: damu yako imekunywewa, na aliyeikunywa ni Mama Dorika. Kesho anataka Mama Dorika aitwe mbele ya jamaa yote, aambiwe ulozi wake usoni, kisha ahame avenue hii.

Mama Dorika wako! Yule mulikimbia naye vita toka Djugu, mafurushi juu ya kichwa, mukilala ndani ya kitenge kimoja. Kosa lake ni kwamba anauza udongo wa kula ku soko kidogo, na weye ulikuwa muteja wake.

Mimi ninajua damu yako ilienda wapi. Ninajua, na nimenyamaza. Ndiyo maana ninakuandikia.

Unakumbuka Kapita alivyoanza? Ulimuleta ndani ya kitenge, kichwa tu kinaonekana, meno ndiyo inatoka. Akala kiatu changu cha korali, kimoja tu, cha kushoto. Angekula vyote viwili ningelia mara moja nikanyamaza. Akala mushumaa uliobarikiwa. Akala chaki zangu za darasa, mavi yake ikatoka nyeupe, ukacheka hadi ukakaa chini. Nilitaka kumurudisha kule ulikomutoa. Weye ukafungua frigo, ukavunja kipande cha barafu, ukamutilia mudomoni. Ulisema, "Ufizi unamuwasha huyu. Mumupe baridi, ataacha viatu." Na kweli akaacha. Toka siku ile, mulango wa frigo ukilia tu, yeye huyo. Kachu, kachu, kachu. Watu waliokuja kununua maji ya baridi walishangaa, imbwa gani huyu anatafuna maji.

Kisha weye mwenyewe ukaanza.

Mwanzo ilikuwa kipande kidogo, ukisema ni joto. Joto gani ya Bunia, Mama, na asubuhi siye wote tunavaa triko? Halafu ikawa bakuli nzima. Halafu udongo wa Mama Dorika, unaufunga ku pembe ya kitenge na kuumega polepole. Mulikaa wawili ku baraza, weye na Kapita, mukitafuna pamoja. Kilichoanguka toka mukononi mwako, yeye anaokota. Ulianza kula makala, naye akala makala. Nilifikiri anakuiga.

Na hapa kwetu, mwanamuke akionekana na udongo mukononi, nani anauliza swali la pili? Iko na mimba, kwisha. Weye mujane, wa miaka arubaini na saba! Avenue nzima ilihesabu miezi ku vidole. Ku korali wakaanza kunitania: "Furaha, mudogo wako anazaliwa lini? Tushone nguo?" Niliona haya ya kufa. Nilianza kutazama tumbo lako ukigeuka. Mimi mutoto wako, nilikutazama tumbo. Uso sikuutazama.

Siku moja nikatoka masomoni, nikakuta umekaa pale pale, mudomo mweupe wa udongo, na watu wanapita. Nikasema yale maneno. Unayajua. Wacha niyaandike hata hivyo, maana kesho nitapaswa kuyasema kwa sauti: "Mama, unanifezehesha. Acha kula takataka sawa imbwa."

Ulimutazama Kapita, ukacheka kidogo. Ukasema, "Kapita hana haya, ndiyo raha yake."

Kesho yake nikanunua kadena. Asubuhi ninatoa maji ya kuuza, ninayapanga ndani ya ndoo, ninafunga frigo, ufunguo ninauvaa shingoni pamoja na rozari. Afazali ungenitukana! Ungenipiga kofi, ungeniuliza hiyo frigo ilinunuliwa na nani. Ulinyamaza tu, ukahamia nyuma ya jikoni, weye na imbwa wako, na udongo. Nilikuwa ninasikia harufu yake ukipita, sawa harufu ya mvua ya kwanza, na nilikuwa ninakasirika upya.

Ukaanza kupumuzika mara tatu ukitoka kuchota maji. Ukaanza kulala mchana. Nikasema moyoni, si ni ile mimba. Miezi ikapita, tumbo halikuja, nikasema basi ni uzee. Na mimi mwalimu! Mwaka wa tano primeri, Mama, ninachora moyo ubaoni na chaki nyekundu, ninaonyesha watoto damu inapopita, wanarudilia wote pamoja. Nikifika nyumbani ninasahau kwamba na weye uko na moyo.

Halafu Jumatatu ile ukaanguka ku mulango. Motari alituchukua, weye katikati, mimi nyuma nimekushika, kichwa chako kinacheza sawa cha mutoto. Ku hospitali, muuguzi alishusha kope lako na kidole kimoja, hakupima hata kitu. Akaniuliza, "Damu imeisha huyu. Mulikuwa wapi?" Wakaenda kutafuta damu. Hukungoja.

Mulikuwa wapi. Shangazi hakusikia lile swali, alisikia tu kwamba damu imeisha. Kilio hakijafika ku siku ya pili, neno likazunguka: damu haiishi yenyewe, kuko mutu ameikunywa, na nani alikuwa anakulisha udongo kila siku? Na mimi niliamini, Mama. Usifikiri nilipinga. Niliamini kwa nguvu zangu zote. Mama Dorika alileta sombe ya kilio, akaiweka mbele yangu, nikamugeuzia mugongo. Chakula chake kilimwagwa nyuma ya choo, na hata Kapita nilimukataza kukilamba.

Ningekuwa ninaamini hadi leo kama si huyu imbwa.

Juma la tatu nyuma ya mazishi, yule muzee wa Ngezi, munganga wa nyama wa kufugwa, alikuja kununua barafu ya kutia ndani ya boksi yake ya chanjo za kuku, sawa alivyokuja siku zote. Kapita alikuwa amelala chini ya meza na kipande cha makala. Nilimuambia kwa kucheka, eti huyu anakula barafu, udongo, makala, sabuni, ni tumbo gani hii. Yeye hakucheka. Alipiga goti, akainua mudomo wa Kapita juu na kidole gumba. Ufizi ulikuwa mweupe sawa kartasi. Akafunua masikio: kupe, wamejipanga, wamevimba, hata nafasi ya kuingiza sindano haikuwa.

Nitakuandikia alivyosema, maana nimeyameza neno kwa neno: "Barafu peke yake haina neno. Imbwa anapenda kitu kinacholia kwa meno, ama meno yake inatoka, ama anasikia joto, ama aliona munacheka akarudilia. Iyo ni mchezo. Lakini akiichanganya na udongo na makala, kila siku, bila kuchoka, usicheke. Damu iko kidogo. Mwili unatafuta, na haujue unatafuta nini." Kisha, akifunga kifuniko cha boksi yake, akaongeza, "Hata watu iko vile." Akasema hivyo bila kunitazama, sawa mutu anayesema mvua itanyesha.

Nilibaki nimesimama na barafu mukononi hadi ikayeyuka ikaniingia ndani ya mukono wa blauzi.

Akienda, nikaingia chumbani mwako. Sijui nilikuwa ninatafuta nini, lakini mikono yangu ilijua. Nikainua godoro. Vitambaa vilikuwa pale, Mama, vimefuliwa, vimekunjwa vinne vinne, vingi, na doa halikutoka hata kwa kimoja. Miezi mingapi? Ulikuwa unatoka damu, na mimi nilikuwa ninatafuta mimba.

Nani alikuinua mudomo, Mama? Hakuna. Munganga wa nyama alipita ku baraza yako mara ngapi, akakusalimia, akalipa, akaenda. Yeye kazi yake ni imbwa na kuku. Weye ulikuwa na mutoto.

Kapita nilimutibu. Sindano, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, nikamuogesha mimi mwenyewe na kumung'oa kupe mumoja mumoja. Munganga akasema apewe maini, nikanunua maini. Nilimupikia imbwa maini. Weye nilikupa kadena. Ndani ya juma tatu akaacha udongo, akaacha makala, akaanza kukimbiza motari. Ilikuwa rahisi hivyo. Siku aliyobweka mara ya kwanza nilimuchukia, na nilimurushia kiatu.

Na weye pia nina hasira na weye, nisiseme uongo. Ku kilio katekista alisema, "Muficha maradhi, kifo humuumbua," na watu wote wakatikisa kichwa. Nilitikisa na mimi. Mbona hukusema? Mwanamuke aliyepita vita na mutoto mugongoni anashindwa kusema ninatoka damu? Ninauliza, na jibu ninalo. Ulikuwa umeambiwa unafezehesha. Ungesema damu, ningesema nyamaza, watu watasikia. Ulinijua.

Sasa unauliza kwa nini nimenyamaza na mimi. Kwa sababu mulozi ni raha, Mama. Mulozi anabeba kila kitu. Siye tunabaki tunalia safi, tunapewa pole, tunavaa kitenge kimoja cha kilio. Nikisema ukweli, watu watauliza nani alifunga frigo, na ku korali wale walionitania watakuwa wa kwanza kunisema. Ukweli hautakurudisha. Hivyo nilijiambia kila Jumapili, na kila Jumapili nilipita mbele ya meza ya Mama Dorika. Hakuna anayenunua tena. Wanawake wanavuka upande wa pili wa barabara. Juma lililopita kuko mutu alipindua kitunga chake ndani ya mutaro, na yeye akashuka kuokota vipande vya udongo, peke yake. Niliona. Nilikuwa na madaftari ya watoto mikononi, nikajifanya ninayahesabu.

Jumapili iliyopita nikakuta mufupa umewekwa ku mulango wa uzio wa lupango, umefungwa ndani ya jani la ndizi. Wa Kapita. Mama Dorika hakuthubutu kuingia, aliuweka akaenda. Baada ya yote, alikumbuka imbwa wako.

Basi sikia. Kadena iko hapa juu ya meza, na ufunguo wake, nimeutoa shingoni. Kesho sitangoja Shangazi asimame. Nitaanza kwenda mimi mwenyewe kumuchukua Mama Dorika nyumbani kwake, nimushike mukono, tuingie naye, tukae mukeka mumoja. Nitaweka kadena katikati, mbele ya wote. Nitaweka na kitambaa kimoja, unisamehe, najua utaona haya, lakini haya ndiyo imekuua na sitaificha tena. Nitasema yale maneno niliyokuambia, yote, hata "sawa imbwa." Shangazi anaweza kunitemea mate. Korali inaweza kunitoa. Mama Dorika mwenyewe anaweza kuniachia mukono akisikia, na atakuwa na haki. Lakini hatahama avenue hii kwa ajili yako. Hiyo ninakuahidi.

Na mutu yeyote nitakayemuona anatafuna barafu na udongo, mutoto wa darasa langu ama mama wa sokoni, sitatazama tumbo lake. Nitashusha kope lake.

Kabla ya kuanza barua hii nilifungua frigo. Kapita akaja, nikamuvunjia kipande, kachu, kachu, mukia unapiga mulango. Kisha nikavunja kingine, nikakitia mudomoni mwangu. Nilitaka kujua ulikuwa unasikia nini. Nilitafuna hadi kikaisha. Ni baridi tu, Mama. Inauma meno. Haina utamu hata kidogo.

Pumuzika. Frigo iko wazi.

Mutoto wako,
Furaha