Tata, Injini Haitazunguka Tupu Tena

Tata,

Nakuandikia, baba yangu, kukuarifu kwamba Mama Tusa wa ng'ambo ya barabara, mshindani wako wa miaka yote, amekubali kuunganisha mashine yake ya kukoboa mpunga na yetu. Najua hapo ungeweka kikombe chini. Naomba uniruhusu nieleze kwa utaratibu.

Unakumbuka beringi ya mashine ilipokufa ulivyofunga mlango na kuiacha injini ikizunguka tupu, ili Bondeni nzima idhani tunakoboa? "Ubovu wetu tuumalize humu ndani," ulikuwa ukisema, nami nimeshika spana, najizuia kucheka.

Nimehitimu, Tata, na siri hizo ndizo nilizozifanyia kazi. Vifaa vinapima joto na mtetemo wa mashine. Kumbukumbu zinasimbwa hapahapa, yaani zinageuzwa zisisomeke bila ufunguo wa mwenyewe, ndipo zinapelekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Linalonisisimua ni hili: hata swali la kutafuta linakwenda likiwa limesimbwa. Hifadhi inalinganisha, inapata, na haijui imepata nini. Kisha mwenye kumbukumbu huamua kufungua hiyo moja tu.

Lakini mashine iliyo peke yake haina wa kumuuliza. Bila Mama Tusa, kazi yangu yote ingebaki ya kuonyesha wageni. Nikamwonyesha wanachokiona wenye hifadhi: herufi zilizovurugika. Akazisogelea, akaniuliza:

"Hata baba yako angeshindwa kunichungulia hapa?"

Nikamhakikishia kwamba angeshindwa. Akacheka hadi akakaa chini. Kumbe sauti ya injini tupu aliitambua siku zote.

"Na mimi nilikuwa nazungusha tupu, mwanangu. Tumechoma dizeli nyingi, mimi na yeye."

Jana tulitafuta kwa mara ya kwanza. Mtetemo wa mashine yetu ulifanana na ule uliotangulia kuvunjika kwa beringi yake msimu uliopita. Akaifungua kumbukumbu hiyo kwa mkono wake. Tata, nilikimbia hadi mlangoni nikakuita. Nilikuita kwa sauti, kabla sijakumbuka.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kunifundisha kuheshimu siri ya mtu. Pumzika. Nami nakuahidi injini yako haitazunguka tupu tena. Jumamosi saa tatu asubuhi tutaizima, mlango ukiwa wazi, tubadilishe beringi kabla haijavunjika, na Mama Tusa atavuka barabara kuja kutazama. Saa moja kamili nitakuwa kaburini kwako, nikupitie twende.

Mwanao,
Atupele