Maziwa Ambayo Hukunionyesha Mutwanga

Baba,

Jambo hili bado sijamwambia mtu yeyote. Siku ile Mutwanga, nilipomsomea Mama Mukubwa karatasi yako, niliruka aya ya katikati. Niliielewa yote. Niliiruka kwa sababu uliniambia niiruke, na kwa sababu nilitaka kuona maziwa ya mlimani.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, na ulijua pa kunishika. Mtoto mwingine ungemwahidi nguo. Mimi uliniahidi Ziwa Jeusi, Ziwa la Kijani na Ziwa la Kijivu, yale ya Ruwenzori niliyoyachora kwa rangi tatu katika daftari la jiografia. Tulitoka Butembo asubuhi, na tulipopita Beni ukaanza kunieleza mji wa Mutwanga: nyumba za mawe za wakati wa Wabelgiji, hoteli yao ya zamani, maji ya mlima yanayopita baridi kando ya barabara. Ulieleza vizuri sana. Hilo nalo sijakusamehe.

Mama Mukubwa, mjane wa kaka yako, alitupokea kwa sombe ya majani ya muhogo na ndizi. Alishika miwani yangu akauliza kama shule imekwisha kunila macho. Nilipomwambia tumekuja kuona maziwa, alicheka mpaka akakaa chini.

"Ziwa iko siku tatu ya kutembea, mwana wangu. Baba yako hata kilima ya soko anapanda na pikipiki."

Wewe pia ulicheka, na karatasi iko mfukoni.

Nakumbuka matanga ya Baba Mukubwa. Siku ya kuyamaliza, ukoo ulikaa mbele ya nyumba yake, kama desturi, ili isemwe wazi nani anabaki na nini. Wewe ndiye uliyesimama. Ulisema mbele ya wote kwamba nyumba na shamba la kakao ni vya mjane na watoto wake. Kwetu neno la namna hiyo halihitaji karatasi. Ili kulivunja, ulihitaji karatasi ambayo mjane hawezi kuisoma, na mtoto ambaye yeye asingemshuku.

Kando ya jiko uliniambia kwa sauti ya chini, "Soma ya kwanza na ya mwisho. Ya katikati ni mambo ya bureau ya serikali, itamuchosha." Yeye ulimwambia ni ya kuandikisha shamba kwa wanunuzi wa kakao. Aya ya katikati, kwa Kifaransa, ilisema anakurudishia wewe nyumba na shamba kwa hiari yake.

Nilisoma nikitafsiri. Sauti yangu ni ndogo. Darasani huniomba nirudie. Siku ile nilitamani aniombe nirudie, labda ningepata moyo. Hakuomba.

"Kama ni wewe ndjo unasoma, Masika, miye naamini," akasema, akatia kidole kwenye wino.

Kesho yake ulisema mvua ni nyingi, mlima haupandiki, tukarudi. Kabla ya gari kuondoka, wingu lilifunguka kidogo nikaona theluji juu kabisa. Nilikuita. Ulikuwa kwenye simu, hukugeuka.

Sasa ni mwaka wa pili uko Kampala. Wiki hii ulimpigia Mama ukamwambia msimu wa kakao ukiisha utakuja kuchukua nyumba, Mama Mukubwa na watoto watoke bila kelele. Kisha uliomba uongee nami, ukauliza masomo. Nikajibu yanaendelea vizuri, Baba, asante. Niliona haya kwa ajili ya adabu yangu.

Watu wa kanisa husema baba ni baba. Nimekutafutia sababu kama mtu anavyotafuta neno kwenye kamusi, na nimepata moja tu: ulitaka kitu cha mtu mwingine. Sitasema ulinilazimisha. Mkono wako ulikuwa begani mwangu, lakini aliyesoma ni mimi. Ndiyo maana nakuchukia zaidi kuliko kama ungeiba peke yako. Na barua hii naiacha wazi, mtu yeyote wa ukoo aisome, kwa sababu siri hii imekufaa wewe tu.

Hayo niliyaandika Ijumaa. Leo ni Jumatatu.

Jumamosi nilimweleza Mama. Alimenya viazi vyote, kisha akasema nivae viatu. Tulifika Mutwanga mchana. Mama Mukubwa alikuwa ameihifadhi nakala yake ndani ya kitabu cha nyimbo. Mama alipomwambia isomwe tena, alimwita chifu wa mtaa na majirani wawili waliokuwa kwenye matanga, nami nikaisoma yote, nimesimama.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

Hakunipiga. Hakutupatia chakula, na hakuniita tena kwa jina.

Niliandika karatasi nyingine, kwa Kiswahili: kwamba niliruka aya ile kwa amri yako, na kwamba alitia kidole bila kujua. Nilitia sahihi, chifu akapiga muhuri, Mama Mukubwa akaichukua. Jana tulirudi Butembo. Leo asubuhi nilikwenda shule.

Baki huko huko, Baba.

Binti yako wa kwanza,
Masika