Kabla Hamjaja Kumwona Baba

Mabatini,
Mwanza.
15 Septemba, 2024.

Mpendwa kaka Mutalemwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inawakuta wazima wote, wewe, wifi Kokulinda na watoto, na kwamba kile kikohozi cha Josephat mdogo kimekwisha. Mimi mwili wangu hauna tatizo. Baba yupo hai, na leo mchana amekula ndizi na samaki akamaliza sahani. Nimeanza na hilo makusudi, ili usome yanayofuata bila moyo kukuenda mbio.

Utashangaa kwa nini barua wakati simu zipo. Nathaniel, mtoto wa mwalimu mwenzangu, anasafiri Jumatano kuja huko kwenu Bergen kusoma, na ameahidi kukukabidhi hii mkononi. Kwenye simu siwezi, kaka. Nikisikia tu sauti yako, naanza kusema uongo kabla hatujamaliza salamu.

Nijibu kwanza maswali yako ya safari. Ndiyo, mkifika wiki ya kwanza ya Oktoba mtakuta joto. Limeshaanza. Mawe ya mlimani yanashika moto mchana kutwa na kuutoa usiku, na mvua za vuli huwa hazijakolea wakati huo. Wabebee watoto nguo nyepesi za pamba na kofia, na muulizeni daktari wenu dawa za kuzuia malaria mapema, maana nyingine huanza kumezwa kabla ya safari. Ziwani wataangalia tu, wasiingie majini. Kichocho bado kipo.

Kuhusu kumchukua Baba mwende naye Muleba akawaonyeshe wajukuu kibanja chetu cha migomba, hilo haliwezekani. Na hapo ndipo ninapoanza kuona aibu, maana ulilipanga kwa sababu ya mambo niliyokuambia mimi.

Baba amepoteza kumbukumbu. Si usahaulifu wa uzee kama nilivyokuwa nakwambia. Tangu mwaka jana kuna siku ananiita kwa jina la marehemu Mama, na siku nyingine ananiuliza kwa adabu kama mimi ndiye mwenye nyumba. Unakumbuka ile simu ya picha ya Pasaka, alipowataja wanao wote wawili kwa majina ukacheka, ukasema mzee ana akili kuliko wewe? Nilikuwa nimekaa nyuma ya simu nikimnong'oneza. Nilimnyoa asubuhi ile, nikamvalisha shati jeupe, nikamfundisha majibu kama ninavyowafundisha watoto wa darasa la saba.

Na Dorotea, yule binti niliyekuambia anamtunza, aliondoka mwezi wa tatu kurudi kwao Ukerewe kumuuguza mama yake. Kila ulipomuulizia nilikuambia hajambo, yuko jikoni. Sikutafuta mwingine. Sikutaka mtu mwingine wa nje aone Baba anajikojolea. Mzee Bagenda, fundi mkuu wa meli, mtu aliyesomesha watoto wa ndugu zake wote. Sikutaka watu wa mtaa wamzungumzie. Nilijiambia namlindia heshima yake. Sasa najua nilikuwa nalinda yangu.

Mwezi wa tano alitoka na begi lake akateremka kwa miguu hadi Kirumba. Wanawake wanaouza dagaa pale Mwaloni walimkuta anauliza meli ya Bukoba inaondoka saa ngapi. Walimkalisha, wakampa soda, wakapekua begi mpaka wakapata namba yangu. Nilipomfuata alinikatalia mbele yao kwamba hanijui. Siku iliyofuata nilinunua kufuli.

Mwanzoni nilimfungia saa moja tu, niende sokoni. Halafu asubuhi. Halafu siku nzima ya kazi. Nilikuwa nikimwachia uji kwenye chupa na jagi la maji, nafunga mlango kwa nje, naenda shule kuwafundisha watoto wa watu. Alipojaribu kutokea dirishani nililigongelea mbao. Unaijua nyumba yangu, kaka, haina dari. Ni bati na chini yake ni mtu.

Alhamisi ya mwisho wa Agosti nilitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama kawaida. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki mbili, tukabaki kusahihisha majaribio. Kwa kawaida huwa nimerudi saa tisa na nusu. Siku hiyo ilifika saa kumi na moja bado nina kalamu nyekundu mkononi. Simu ilikuwa kwenye mkoba, nimeizima sauti.

Nilipofika nyumbani nilikuta mlango uko wazi na kufuli liko chini, limekatwa. Majirani walikuwa wamesimama uani. Hakuna aliyenisalimia. Mtoto wa kike wa nyumba ya pili ndiye aliyeniambia kwamba babu amepelekwa hospitali.

Baadaye ndipo nilipopata habari yote. Teodora, mama anayeuza mkaa hapo ng'ambo ya njia, alimsikia Baba akigonga tangu saa sita. Alishazoea kumsikia, akadhani atanyamaza kama siku zote. Saa nane akanyamaza kweli, na ukimya ule ndio uliomtia hofu. Alimwita Yeremia Maige, fundi wa kuchomelea vyuma, akaja na grinda yake akakata kufuli. Walimkuta sakafuni karibu na mlango, amevua shati, midomo imepasuka, jagi limepinduka. Vidole vyake vilikuwa na damu kwenye kucha. Maige alimbeba mgongoni hadi kwenye bajaji.

Nilimkuta wodini ametundikiwa dripu. Nesi aliniuliza mgonjwa amekaaje hadi kupoteza maji kiasi kile, na nani alimfungia. Teodora alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, kanga yake bado ina vumbi la mkaa. Nami nikajibu, kaka, bila hata kusitasita, kwamba ni msichana wa kazi, Dorotea, ndiye aliyefunga akaenda kuzurura.

Teodora alinigusa mkono. Alitoka, nikamfuata mpaka kwenye veranda. Hakupandisha sauti.

“Mwalimu,” aliniambia, “kwetu Misungwi hata ndama ukimfunga unamwachia kivuli. Umefanya ulichofanya. Lakini usimsingizie mtoto wa watu ambaye hayupo.”

Mimi ni mdogo wake kwa umri, ila nimezoea kuitwa mwalimu, na huwa naangalia kwanza usahihi wa maneno ya watu kabla ya kuwasikiliza. Nilisimama pale nikitazama ndala zake. Kisha nilirudi ndani nikamwambia nesi kwamba ni mimi. Aliandika kwenye faili, hakunitazama tena. Kesho yake alikuja afisa ustawi wa jamii, akanihoji, akaja hadi nyumbani kuona zile mbao za dirishani. Nilizing'oa mwenyewe mbele yake kwa nyundo, majirani wakiangalia.

Baba alilala hospitali siku nne. Daktari anasema figo zimepona, ila safari ndefu ya barabara kwenye joto hili asipelekwe. Dorotea nilimpigia nikamwomba radhi kwa jambo ambalo hakujua limesemwa juu yake. Aliniuliza tu kama Babu bado anapenda uji wa ulezi.

Sasa hivi asubuhi nampeleka Baba kwa Maige. Wazo lilikuwa la Maige, si langu. Karakana yake iko wazi pande zote, upepo unapita. Anamwagia Baba ndoo ya nati na bolti, na Baba anazipanga kwa ukubwa mpaka mchana, kisha anamkosoa Maige kwamba anachomelea kama mtu anayepaka siagi. Geti la uzio limefungwa kwa kipande cha waya tu. Hajajaribu kutoka hata mara moja. Teodora anamletea maji kila baada ya muda na kumsimamia mpaka anywe. Watu hawa wawili niliwahi kukuambia kwamba ni majirani wa hali ya chini, nisiozoeana nao. Hayo nayo yananiuma.

Sijui utafanya nini ukimaliza kusoma. Ukiamua kumhamishia Baba kwa ndugu wengine, sitabishana. Ukitaka mfikie hotelini, nitaelewa, na nitamweleza kila atakayeuliza kwamba sababu ni mimi. Ila naomba usiahirishe safari. Ukisubiri msimu wa baridi huenda asiwepo wa kuonana naye, hata kama atakuwa anapumua.

Na ukimkuta, usimuulize kama anakujua. Watu wote humuuliza hivyo, akikosa jibu hutazama chini kama mtoto aliyeshindwa hesabu. Mwambie tu, mimi ni Mutalemwa, mwanao. Kisha kaa. Mwambie tena baada ya muda. Wafundishe na watoto hivyo hivyo kabla hamjapanda ndege.

Nitakuja uwanja wa ndege. Utaniona nimesimama nyuma ya watu, maana sijui uso wangu nitauweka wapi.

Msalimie sana wifi Kokulinda, na ukiona inafaa msomee barua hii yote, usinifichie. Wabusu Josephat na Celestina kwa niaba ya shangazi yao. Teodora na Maige wanawasalimu, wanawasubiri. Mungu awafikishe salama, na aulainishe moyo wako njiani.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na safari hii ninayekuogopa,

Prudencia